Tundu Lililokosekana: Uchambuzi wa Moyo wa Pete Maravich

Kwa Kiswahili cha kila siku, ukisema mtoto kazaliwa na tatizo la moyo, msikilizaji hufikiria tundu: kuna tundu mahali pasipotakiwa, na madaktari wataliziba. Uchambuzi huu unahusu kasoro za moyo za kuzaliwa nazo zinazogunduliwa ukubwani au uzeeni, na kisa chake ni kinyume cha hayo. Mtu anayezungumziwa hapa, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani Pete Maravich, alizaliwa akiwa amepungukiwa tundu moja dogo, la kupitisha njiti ya kibiriti, na upungufu huo haukujulikana na yeye mwenyewe, wazazi wake, makocha wake wala madaktari wa timu zake, hadi siku moyo wake ulipowekwa mezani na kupasuliwa.

Mezani kazi huenda hivi. Mchunguzi wa vifo huipasua aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, kwa urefu, akaifungua kama mkono wa shati ulioachia mshono, mpaka afike kwenye mzizi wake, pale inapochomoza kutoka ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini. Hapo hukutana na vali, yaani mlango wa damu, yenye vipande vitatu vyembamba vilivyojikunja mithili ya mifuko. Juu kidogo ya mifuko miwili kati ya hiyo mitatu, katika ukuta wa aota wenyewe, huwa kuna matundu mawili, moja upande wa kulia na jingine upande wa kushoto. Hiyo ndiyo midomo ya ateri za koronari, mishipa inayoulisha msuli wa moyo. Mchunguzi hupitisha kijiti laini katika kila tundu, kisha huikata ateri kwa hatua za milimita chache chache, akitafuta mafuta yaliyoganda ukutani au bonge la damu. Katika moyo wa Pete Maravich tundu la kulia lilikuwapo, na ateri yake ilikuwa pana kupita kawaida. La kushoto halikuwapo, wala ateri ya kushoto haikuwapo.

Maravich alizaliwa tarehe 22 Juni 1947 huko Aliquippa, Pennsylvania, Marekani. Baba yake, Press Maravich, alikuwa kocha wa mpira wa kikapu na ndiye aliyemfundisha kuuchezea mpira tangu utotoni. Katika misimu mitatu ya Chuo Kikuu cha Louisiana State, iliyomalizika mwaka 1970, alifunga pointi 3,667 katika michezo 83, yaani wastani wa pointi 44.2 kila mchezo, na hiyo ilikuwa kabla mstari wa pointi tatu haujaingia katika mchezo wa vyuo. Akaingia NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, kupitia Atlanta Hawks, akahamia New Orleans Jazz, timu ambayo baadaye ilihamishiwa Utah, na akamalizia Boston Celtics. Ilikuwa misimu 10 na michezo 658. Tarehe 25 Februari 1977 aliwafunga New York Knicks pointi 68 katika mchezo mmoja. Alipoacha kucheza mwaka 1980, kilichomsumbua kilikuwa goti lililoumia miaka miwili iliyotangulia. Moyo hakuna aliyeutaja.

Asubuhi ya tarehe 5 Januari 1988 alikuwa Pasadena, California, alikokwenda kwa ajili ya kipindi cha redio cha James Dobson, mwanasaikolojia na mtangazaji wa Kikristo. Wanaume kadhaa walikusanyika katika ukumbi wa michezo wa kanisa wakacheza mpira wa kirafiki, na Maravich akawa miongoni mwao. Dobson alisimulia baadaye kwamba walipopumzika alimuuliza anajisikiaje, naye akajibu kuwa anajisikia vizuri, kisha akaanguka. Kwa kuwa mgeni wao alipenda mzaha, Dobson alidhani kwa nukta chache kwamba anatania. Walijaribu kumfufua kwa kumkandamiza kifua, lakini haikusaidia. Alikuwa na miaka 40.

Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini mtu wa miaka 40 awekwe katika mjadala wa kasoro zinazogunduliwa kwa watu wazima wa makamo na wazee. Jibu ni kwamba umri hupimwa kulingana na ugonjwa. Katika kasoro hatari za ateri za koronari, vifo vya ghafla hutokea zaidi kwa vijana, kuanzia umri wa kubalehe hadi miaka ya thelathini ya mwanzo, na aghalabu wakati wa mazoezi makali au dakika chache baada yake. Aliyevuka hapo tayari yuko upande wa pili wa mto, na kadiri anavyosonga mbele ndivyo daktari anavyopata ugumu wa kuamua kama kasoro aliyoiona kwenye picha ina maana yoyote. Moyo wa Maravich uko kwenye kivuko hicho hasa. Unatulazimisha kujibu swali ambalo kila mzee aliyegunduliwa na kasoro ya namna hii huliuliza kwa maneno yake: ikiwa nimeishi nayo miaka yote hii, kuna haja gani ya kuiogopa sasa?

Kabla ya kulijibu, ni lazima tueleze jinsi moyo unavyoweza kujengeka hivyo na bado ukafanya kazi. Wengi hudhani kwamba ateri za koronari huchipua kutoka aota kama matawi yanavyochipua kwenye shina. Katika kijusi mambo huenda kinyume: mtandao wa mishipa midogo hujijenga kwanza juu ya moyo wenyewe, kisha mishipa hiyo hutambaa kuelekea kwenye mzizi wa aota na kuutoboa kutoka nje kwenda ndani. Kwa kawaida miunganisho miwili ndiyo hudumu, mmoja kulia na mmoja kushoto. Iwapo wa kushoto hautafanyika, mtandao wa upande wa kushoto haufi. Unabaki umeungana na wa kulia, na damu yote inaanza kupitia mlango mmoja. Kwa hiyo maneno “alikosa ateri ya kushoto” yasituchanganye. Msuli wa kushoto wa moyo wake ulikuwa ukilishwa, ila ulilishwa kwa njia ndefu, kutoka upande wa pili, na ateri ya kulia ilipanuka ili kubeba mzigo wa mbili. Hali hii ya ateri moja ni adimu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yako kati ya watu 2 na 7 katika kila 10,000.

Mfano wa mji unaotegemea bomba moja la maji unasaidia hapa, mradi tusiuvute kupita kiasi. Siku ya kawaida hakuna anayejua kwamba bomba ni moja, kwa sababu maji yanafika kila nyumba. Tatizo hujitokeza siku ambayo kila nyumba imefungua kila koki. Msuli wa moyo una tabia mbili zinazofanya siku hiyo iwe ngumu kuliko kwa msuli wa mguu au wa mkono. Ya kwanza ni kwamba hata mtu akiwa amelala, msuli wa moyo huchota takriban asilimia 70 ya oksijeni iliyomo katika damu inayoupitia, kwa hiyo unapohitaji zaidi hauna akiba kubwa ya kuchota. Njia pekee ya maana ni kuongezewa damu yenyewe. Mtu aliyepumzika huhitaji mililita 250 hivi za damu kwa dakika katika ateri zake za koronari, na moyo wenye afya unaweza kuongeza kiasi hicho mara nne au tano wakati wa kazi ngumu. Tabia ya pili ni kwamba ventrikali ya kushoto hupata sehemu kubwa ya damu yake moyo unapolegea, kwa sababu unapojikaza huibana mishipa yake mwenyewe. Mapigo yakienda mbio, muda wa kulegea hupungua kuliko muda wa kujikaza. Yaani pale mahitaji yanapopanda, muda wa kuyatimiza unafupika.

Ukizingatia hayo, michezo 658 ya NBA inashangaza. Mchezo mmoja una dakika 48, na nyota kama Maravich alikuwa uwanjani kwa sehemu kubwa ya dakika hizo, akikimbia, akisimama ghafla, akiruka. Daktari yeyote wa miaka ya 1970 aliyeambiwa kuwa mtu huyu anafanya hivyo usiku baada ya usiku angeandika kwenye faili kwamba moyo wake ni mzima bila kufikiri mara mbili. Kipimo cha kukimbia kwenye mashine kliniki huchukua dakika 10 au 15. Yeye alikifanya kwa misimu 10 mbele ya maelfu ya watazamaji. Hapa ndipo kisa hiki kinapokuwa na thamani kubwa, kwa sababu kinavunja dhana iliyoshika mizizi miongoni mwa wagonjwa na, tuseme ukweli, miongoni mwa baadhi ya madaktari: kwamba anayeweza kufanya kazi ngumu bila kuumia kifua amejithibitishia usalama.

Ushahidi ulikuja kuonekana wazi zaidi mwaka 2000, pale mtaalamu wa patholojia Cristina Basso na wenzake walipochapisha uchambuzi wa vijana wanamichezo 27 waliofariki ghafla kwa sababu ateri yao moja ilichomoza upande usio wake wa aota. Kati yao 23 walikuwa na ateri ya kushoto inayoanzia upande wa kulia, na 4 walikuwa na ya kulia inayoanzia kushoto. Wachache walikuwa wamewahi kupimwa wakiwa hai. Tisa walikuwa na kipimo cha umeme wa moyo wakiwa wamepumzika, na vyote tisa vilikuwa vya kawaida. Sita walikuwa wamepimwa wakifanya mazoezi hadi kikomo, na vyote sita vilikuwa vya kawaida. Kasoro yao haikuwa sawasawa na ya Maravich, na sitaki kuzichanganya, kwa kuwa kwao ateri ilipita katikati ya aota na ateri kuu ya mapafu, mara nyingi ikiwa imeminywa ndani ya ukuta wa aota wenyewe, na mdomo wake umekuwa kama mpasuko badala ya duara. Lakini jambo moja wanalo pamoja. Upungufu wa damu katika mioyo hii hauji kila mara mtu anapojituma. Huja mara moja moja, pale mambo kadhaa yanapokutana: kasi ya mapigo, kiasi cha maji mwilini, shinikizo la damu la dakika ile, homoni za msisimko. Kipimo kilichofanyika Jumatatu hakiwezi kuisemea Jumanne.

Kwa nini basi moyo ulioshinda usiku ule wa pointi 68 ulishindwa katika mchezo wa kirafiki kanisani? Maelezo yanayoingia akilini zaidi ni ya hesabu ndogo ndogo za muda mrefu. Kila mara msuli unapokosa damu kwa dakika chache na kisha kuipata tena, chembe kadhaa zinaweza kufa bila mwenyewe kuhisi lolote, na mahali pake hubaki kovu. Wataalamu wa patholojia huyakuta makovu ya aina hii katika mioyo ya watu waliokufa kwa kasoro za koronari, hata ambapo ateri zenyewe hazina mafuta wala bonge. Kovu halipitishi umeme wa moyo kama msuli hai. Wimbi la umeme linapofika hapo hugawanyika, huzunguka, na siku mbaya hujifunga kuwa duara linalojirudia lenyewe, hadi ventrikali zinaacha kupiga na kuanza kutetemeka. Mtu huanguka kama aliyezimiwa taa. Dakika za mwanzo baada ya mazoezi ni za hatari kwa namna yake, kwa kuwa damu bado imetuama kwenye misuli ya miguu, shinikizo linashuka, na homoni za msisimko bado ziko juu. Mwaka 1988 hakuna aliyetarajia kukuta mashine ya kushtua moyo ikiwa imetundikwa ukutani katika ukumbi wa kanisa, na kumkandamiza mtu kifua peke yake huchelewesha tu kifo pale ventrikali zinapotetemeka.

Wapenzi wa mpira wa kikapu hupenda kukumbushana kwamba katika miaka ya 1970 Maravich alimwambia mwandishi mmoja wa habari kuwa hataki kucheza NBA miaka 10 halafu afe kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 40. Akacheza misimu 10, akafa akiwa na miaka 40. Ni maneno ya kusisimua, na yamenukuliwa sana, lakini kwa mchambuzi wa kisa ni kelele tu: hakuna dalili kwamba alijua lolote kuhusu ateri zake, na sadfa ya namba isigeuzwe kuwa historia ya ugonjwa.

Je, angeweza kugunduliwa? Kwa vifaa vya wakati ule, njia ilikuwa moja tu. Tarehe 30 Oktoba 1958, huko Cleveland, Ohio, daktari Mason Sones alikuwa akijiandaa kupiga picha ya aota ya mgonjwa wakati ncha ya katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa, ilipoteleza ikaingia katika ateri ya koronari ya kulia, na dawa ya kuonyesha mishipa ikamiminikia humo. Alitarajia moyo usimame moja kwa moja. Ulisita, mgonjwa akakohoa alipoagizwa, mapigo yakarudi, na angiografia ya mishipa ya moyo ikawa imezaliwa kwa bahati. Kufikia siku za Maravich kipimo hicho kilikuwa cha kawaida hospitalini, lakini hakikufanywa kwa kijana mwenye nguvu asiyelalamika, na hapakuwa na sababu ya kukifanya. Kipimo cha umeme wa moyo hakioni mdomo wa ateri. Kusikiliza kwa stetoskopu hakusaidii, kwa sababu hapana sauti isiyo ya kawaida. Picha za eko, zinazopigwa kwa mawimbi ya sauti, za miaka hiyo hazikuwa na uwezo wa kuonyesha matundu madogo kiasi kile.

Swali gumu zaidi ni lile la kama ingekuwa heri agunduliwe. Tuseme picha ingepigwa mwaka 1967. Ateri inayoanzia mahali pabaya inaweza kuhamishwa, au kufunguliwa pale ilipominywa ndani ya ukuta wa aota. Ateri ambayo haipo haiwezi kuhamishwa popote. Ushauri wa pekee ungekuwa aache michezo. Angeacha, pengine angeishi zaidi ya miaka 40, na pengine asingefuata ushauri huo hata kidogo. Sioni kwamba pointi zake zinahalalisha kutojua kwake, wala sioni kwamba daktari ambaye angemkataza angestahili lawama. Naliacha swali hilo kwa sababu kwa mzee halina uzito uleule: mtu wa miaka 65 hatarajiwi kuchagua kati ya maisha na kazi ya NBA, na hapo ndipo hesabu inapobadilika.

Imebadilika pia kwa sababu siku hizi kasoro hizi zinaonekana kwa urahisi. Tangu katikati ya miaka ya 2000 mashine za CT, zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, zimekuwa na kasi ya kutosha kuupiga moyo picha ukiwa unadunda, na mtu anayepimwa kwa sababu ya maumivu ya kifua, au maandalizi ya upasuaji wa vali, anaweza kutoka na ripoti yenye sentensi moja asiyoitarajia: ateri fulani inaanzia pasipo pake. Hata kabla ya hapo, watafiti Yamanaka na Hobbs walikuwa wamepitia angiografia za wagonjwa 126,595 zilizofanywa Cleveland, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 1990 yalionyesha kasoro kwa wagonjwa 1,686, yaani asilimia 1.3. Idadi kubwa ya kasoro hizo waliziona kuwa zisizo na madhara. Kwa maneno mengine, katika kila watu wazima 75 hivi waliolazwa kwenye meza ile, mmoja alikuwa na kitu alichozaliwa nacho na ambacho, kwa wengi wao, hakikuhusiana na kilichowaleta.

Kwa mzee, basi, kazi ya kwanza ya daktari ni ya upelelezi: je, kasoro hii ndiyo mhalifu, au ni jirani aliyekutwa karibu na tukio? Tuseme mwanamume wa miaka 66, mwenye kisukari na shinikizo la damu, anabanwa kifua akipanda ngazi. CT inaonyesha kwamba tawi lake la kuzunguka, ambalo kwa kawaida hutoka ateri ya kushoto, linatoka kulia na kupita nyuma ya aota. Hii ni miongoni mwa kasoro zinazoonekana mara nyingi zaidi, na njia hiyo ya nyuma haibanwi na kitu. CT hiyohiyo inaonyesha pia mafuta yaliyoganda yaliyoziba sehemu kubwa ya tawi jingine la ateri ya kushoto, lile linaloshuka mbele ya moyo. Mgonjwa anapofika kwa daktari na ripoti mkononi atauliza kuhusu kasoro, kwa sababu neno hilo ndilo la kutisha. Ugonjwa wenyewe umeandikwa mstari unaofuata, kwa maneno aliyokwisha kuyazoea. Nimeona hofu ya aina hii ikimfanya mtu asahau kumeza dawa za lehemu (kolesteroli) huku akitafuta daktari wa kumpasua kwa jambo lisilohitaji kisu.

Hata njia ile hatari, ya katikati ya aota na ateri ya mapafu, haina uzito uleule uzeeni. Aota ya mzee imekakamaa, kwa hiyo haitanuki sana wakati wa mazoezi, na baadhi ya wataalamu wanaona hiyo ni sababu mojawapo ya hatari kupungua. Aliyefika miaka 70 pia ni mtu aliyekwisha kuchujwa: wale ambao umbo la ateri yao lilikuwa baya zaidi wengi wao hawakufika naye. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2020 unautaja umri waziwazi. Kwa mtu asiye na dalili, asiye na upungufu wa damu kwenye vipimo na asiye na umbo la hatari, upasuaji wa ateri ya kushoto iliyochomoza vibaya unaweza kufikiriwa akiwa chini ya miaka 35. Mwenye maumivu halisi pamoja na upungufu wa damu uliothibitishwa katika eneo la ateri hiyohiyo ana hoja ya upasuaji kwa umri wowote, ingawa kwa mzee hatari za kisu chenyewe huingia kwenye mizani. Wengi huishia na dawa za kupunguza kasi ya mapigo, udhibiti wa shinikizo na ufuatiliaji.

Lakini aina ya Maravich, ateri moja tu, haipungui uzito kwa njia hiyo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaomwambia kila mzee kwamba aliyeishi na kasoro miaka 60 aisahau. Kwa mwenye ateri mbili, mafuta yakiziba shina la mojawapo, nyingine inabaki na inaweza kutuma vijitawi vya msaada. Mwenye ateri moja ana shina moja, na kila donge la mafuta linaloota karibu na mdomo wake linatishia msuli mzima. Ujana ulimtia hatarini kwa mazoezi. Uzee unamtia hatarini kwa lehemu, sigara na sukari. Maravich hakufika huko. Lau angefika, maswali ya kumuuliza yangekuwa kiwango chake cha lehemu na kama ana shinikizo la damu, maswali ya kawaida kabisa, yakiwa na majibu mazito kuliko kwa jirani yake.

Ipo kasoro nyingine inayosaidia kuona tofauti hii kwa upande mwingine. Mwaka 1933 madaktari Bland, White na Garland walieleza huko Boston hali ambapo ateri ya kushoto huchomoza kutoka ateri ya mapafu badala ya aota. Bila matibabu, watoto wapatao asilimia 90 hufa kabla ya mwaka mmoja. Wachache wanaofika utu uzima huokolewa na jambo lilelile lililomuokoa Maravich: ateri ya kulia inanenepa na kutuma matawi upande wa pili. Ila kwao damu hiyo, baada ya kufika kushoto, huvuja kurudi kwenye ateri ya mapafu yenye shinikizo dogo, na msuli unaporwa chakula kilichokwisha kuwekwa mezani. Mtu mzima anayegunduliwa na hali hii hupelekwa kwenye upasuaji hata kama ana nguvu zake, kwa sababu wizi huo hauachi.

Jambo la mwisho ni la kivitendo, na hupuuzwa kuliko yote. Kasoro isiyo na madhara inaweza kuwa na madhara mikononi mwa daktari asiye na habari zake. Tawi linalopita nyuma ya aota limeikumbatia vali. Mzee anayebadilishiwa vali ya aota anaweza kushonewa uzi juu ya tawi hilo, au likabanwa na vali mpya, iwapo mpasuaji hakujua kwamba lipo. Mwenye ateri moja anayefikishwa hospitali saa nane za usiku na shambulio la moyo atapitishiwa katheta na daktari atakayetafuta mdomo wa kushoto mahali pake pa kawaida, akamwaga dawa mara ya pili, ya tatu, akidhani shina limeziba kabisa, huku dakika zikiisha na msuli ukifa. Kwa sababu hiyo mtu wa namna hii anastahili nakala ya ripoti yake pamoja na mchoro wa ateri zake, aiweke pamoja na kadi ya bima, na mmoja wa watoto wake ajue iliko. Karatasi hiyo haihitaji maelezo marefu. Inatosha imwambie daktari wa zamu aingie kulia, kwa kuwa ateri ya kushoto haipo.